Pombe Shuleni: Tunawahutubia Wasiohitaji, Tunawafukuza Wanaohitaji

Wanafunzi wa kidato cha pili wanakutwa wamelewa kwenye basi la kwenda likizo. Bweni linakaguliwa na chupa ndogo za pombe kali zinatolewa chini ya magodoro. Kuanzia Mombasa hadi Mbeya, hatua zitakazofuata zinajulikana hata kabla hazijatangazwa. Wahusika wanasimamishwa masomo na kuambiwa wasirudi bila wazazi. Shule nzima inapangwa mstarini ihutubiwe na afisa wa polisi, mhubiri, au mtu aliyeacha ulevi ambaye anasimulia alivyouza hadi masufuria ya mkewe. Picha ya ini lililoharibika inapitishwa mbele yao, waliosimama nyuma hawaioni. Mwalimu wa nidhamu anafunga kwa onyo kali, kisha watu wanarudi darasani wakiamini shule imetimiza wajibu wake. Utaratibu huu unasimama juu ya imani ambayo wazazi, walimu, viongozi wa dini na wanasiasa wanaikubali bila kuihoji: kwamba kijana anakunywa kwa kuwa hajui madhara ya pombe, hivyo dawa yake ni kuelezwa, na kwamba anayeelezwa akaendelea ni mkaidi, hivyo aondolewe kabla hajawaharibu wenzake.

Imani hiyo ni potofu mwanzo na mwisho wake. Vijana wengi wanaosimama mstarini wasingekunywa hata kama mgeni asingekuja, na wale wachache walio hatarini kweli wanajua madhara ya pombe kuliko msemaji anavyodhani, maana baadhi yao wameyaona nyumbani. Wanachokosa ni namna ya kuishi na hofu, hasira, upweke au kiu ya msisimko inayowasukuma kwenye chupa. Shule inayotaka kuzuia ulevi inapaswa kuwafikia hao mapema, kabla ya glasi ya kwanza au muda mfupi baada yake, iwafundishe kuzimudu hulka zao wenyewe, na iwabakize ndani ya geti. Tunafanya kinyume chake kabisa, na tunafanya hivyo wakati ushahidi wa miaka zaidi ya arobaini uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Mfano mkubwa kuliko yote wa njia ya hotuba ni mpango wa Marekani uitwao D.A.R.E., ulioanzishwa mwaka 1983 na polisi wa Los Angeles pamoja na mamlaka ya shule za jiji hilo. Polisi aliyevaa sare alikuwa akiingia darasani kwa vipindi 17 kuwafundisha watoto wa miaka kumi na kitu kuhusu pombe, sigara na dawa za kulevya. Wazazi waliupenda, mameya waliupenda, polisi walipata sura nzuri mbele ya jamii, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeingia katika takriban robo tatu ya wilaya za elimu nchini humo. Fedha hazikuwa tatizo, wala muda, wala nidhamu ya darasa. Kisha watafiti wakaanza kupima. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliowafuata watu wapatao elfu moja kutoka Kentucky, miaka kumi baada ya kupitia masomo hayo wakiwa watoto. Walipofika umri wa miaka 20, waliofundishwa na polisi walikuwa wanakunywa sawasawa na wasiofundishwa. Mwaka 2001 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani iliuweka mpango huo katika orodha ya mambo yasiyofanya kazi, na miaka michache baadaye wenye mpango wenyewe walianza kubadili mtaala wao. Vipindi 17 vya mwalimu aliyeandaliwa, kwa fedha za taifa tajiri kuliko yote duniani, havikubadili kitu. Sisi tunategemea saa moja juani, tena mara moja kwa muhula.

Mtu anaweza kusema kwamba hotuba, hata isipofaa, haimdhuru mtu. Brazili inatoa jibu lisilopendeza. Serikali ya nchi hiyo ilichukua mtaala wa Ulaya uliokuwa na sifa nzuri, ikaufasiri na kuuita #Tamojunto, kisha ikaujaribu katika shule 72 za umma kwenye miji 6. Shule ziligawanywa kwa kura, nusu zikafundisha na nusu zikaendelea na ratiba yao ya kawaida. Baada ya takriban miaka miwili, wanafunzi waliofundishwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kunywa pombe kuliko ambao hawakufundishwa. Maelezo yanaweza kuwa mengi, lakini moja linajitokeza: ukimweleza mtoto wa miaka 12 habari za kitu ambacho hakuwa akikifikiria, unaweza kumfanya aanze kukifikiria. Mtaala ulibidi urekebishwe. Kama serikali isingepima, walimu wa Brazili wangeendelea kufundisha kwa moyo mmoja huku wakipeleka watoto kulekule walikokuwa wakiwakataza. Ndiyo maana huwa nashangaa ninaposikia wizara zetu zikitaja idadi ya shule zilizofikiwa na kampeni kana kwamba idadi ya waliosikiliza ni kipimo cha waliosaidika.

Haki itendeke: si kila kinachofundishwa darasani kimeshindwa. Mapitio makubwa ya kitaalamu yaliyotolewa mwaka 2011 na mtandao wa Cochrane yalikusanya majaribio 53 ya programu za shule. Kati ya 11 zilizolenga pombe peke yake, 6 zilionyesha manufaa ya kiasi fulani. Kati ya 39 zilizolenga mwenendo kwa upana wake, 14 zilipunguza unywaji kuliko masomo ya kawaida. Matokeo hayo ni ya kuchanganya, na anayetetea hotuba atadaka zile 6. Lakini ukizitazama programu zilizofanikiwa unagundua kwamba sehemu kubwa hazikujengwa juu ya maelezo ya madhara. Zilijengwa juu ya mazoezi: kukataa bila kuvunja urafiki, kutambua hisia, kufanya uamuzi mtu akiwa amekasirika. Mapitio hayo yalitaja kwa sifa mchezo mmoja ambao hautaji pombe hata mara moja. Unaitwa Good Behavior Game, na tangu mwaka 1985 ulijaribiwa katika shule za msingi za Baltimore. Watoto wa darasa la kwanza waligawanywa katika timu, na timu yoyote iliyofaulu kutulia ilishinda zawadi ndogo. Mtoto mmoja akivuruga, timu yote inapoteza alama, kwa hiyo wenzake wanamsaidia kutulia. Watoto hao walipofika umri wa miaka 19 hadi 21 walikuwa na matatizo ya ulevi machache kuliko wenzao wa madarasa mengine, na waliofaidika zaidi na mchezo huo ni wavulana waliokuwa wakorofi tangu mwanzo. Utaratibu wetu ungekuwa umeshawafukuza hao zamani.

Hapo ndipo kiini cha suala kilipo. Hatari haijagawanywa sawa darasani. Utafiti wa hulka za vijana, ambao mwanasaikolojia Patricia Conrod na wenzake wameuendeleza kwa zaidi ya miaka ishirini huko Uingereza na Kanada, unaonyesha kwamba njia za kuelekea kwenye ulevi wa ujana ni nne zinazotofautiana sana. Yupo kijana aliyekata tamaa, anayeona kesho haina kitu, na pombe kwake ni ya kupunguza huzuni. Yupo anayeogopa wasiwasi wenyewe: moyo ukidunda kabla ya kusimama mbele ya darasa anadhani atazimia, na amegundua kwamba glasi moja inautuliza. Yupo wa pupa, anayetenda kwanza na kufikiri baadaye, asiyeona tofauti kati ya ugomvi, kuruka ukuta wa shule na kunywa. Yupo pia mpenda msisimko, mchangamfu, mara nyingi kiongozi wa wenzake, anayechoshwa haraka na kila kitu na kulitafuta lolote jipya. Mchukue msemaji wetu mwenye picha ya ini. Kwa wa kwanza, kifo baada ya miaka ishirini si tishio, kwa sababu hana hakika anaitaka hiyo miaka ishirini. Wa pili anatoka mstarini akiwa na wasiwasi zaidi kuliko alivyoingia. Wa tatu amesahau kabla ya chakula cha mchana. Wa nne amesikia jambo moja tu: kwamba hiki kitu ni hatari, na hatari ndiyo anayoitafuta.

Kutokana na maarifa hayo ilitengenezwa programu inayoitwa Preventure. Katika jaribio lake kubwa la London, lililochapishwa mwaka 2013, shule 21 zilishiriki na wanafunzi zaidi ya 2,600, wenye umri wa wastani wa karibu miaka 14. Kila mwanafunzi alijaza dodoso fupi la maswali 23 kuhusu anavyojiona. Karibu nusu walionekana kuwa na mojawapo ya hulka zile nne kwa kiwango cha juu. Katika shule zilizopangwa kwa kura kupata programu, hao waliitwa katika vikundi vidogo kwa hulka moja moja, wakakutana mara mbili tu, kila kikao dakika 90. Viongozi wa vikao walikuwa watumishi wa shule zenyewe waliopewa mafunzo ya siku chache. Ndani ya chumba hakuna picha ya ini. Kijana anachukua tukio moja la wiki iliyopita na kulipasua: nini kilitokea, mwili ulihisi nini, wazo gani lilipita kichwani, nikafanya nini, na likanigharimu nini. Mwenye pupa anaandika kwamba mwenzake alimcheka, uso ukapata moto, akawaza “ananidharau”, akarusha ngumi, akakosa mechi. Kisha anaulizwa: kati ya uso kupata moto na ngumi kuna nafasi gani ya kuingiza wazo jingine? Pombe inatajwa kama mojawapo ya mambo ambayo mtu wa hulka hiyo huyakimbilia, basi. Katika miaka miwili iliyofuata, uwezekano wa kunywa kwa mkupuo, yaani glasi nyingi katika kikao kimoja, ulipungua kwa asilimia 43 miongoni mwa waliokuwa hatarini, na wa kunywa kwa jumla kwa asilimia 29. Hata wenzao wasio na hulka hizo, ambao hawakuhudhuria chochote, walinufaika kwa kiasi, pengine kwa sababu waliokuwa wakiwaalika kunywa wamepungua. Australia iliwafuata wanafunzi wa programu hiyohiyo kwa miaka 7, na walioshiriki walipata madhara machache ya pombe walipoingia utu uzima.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba kuwachambua watoto hivi ni kuwapachika majina. Tunaijua jamii yetu. Mtoto akiitwa pembeni na mwalimu wa ushauri nasaha saa nne asubuhi, saa kumi shule nzima ina hadithi yake. Isitoshe, kuwakusanya pamoja walio hatarini kunaweza kuwafanya wafundishane ubaya. Hofu hii ina historia. Mpango maarufu wa Cambridge na Somerville, huko Massachusetts, ulianza mwaka 1939 kuwasaidia wavulana waliodhaniwa wataharibika, kwa washauri, matibabu na kambi za majira ya joto. Joan McCord alipowatafuta miaka thelathini baadaye, aliwakuta waliosaidiwa hawakuwa bora kuliko wasiosaidiwa, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa na hali mbaya zaidi. Thomas Dishion na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba vijana watukutu wakikaa pamoja kwa muda mrefu huchekeana visa vya utukutu na kuvikuza. Siwezi kulipuuza hilo, na yeyote anayetaka kuanzisha vikundi shuleni ni lazima alisome. Lakini tazama tofauti zilipo. Vikao vya Preventure ni viwili tu, na kila dakika ina kazi ya kuandika au ya kufikiri, hivyo nafasi ya kupiga soga ni finyu. Wanaoalikwa ni karibu nusu ya darasa, na wamo humo watoto wapole wenye wasiwasi na vinara wa michezo, kwa hiyo mwaliko hauonyeshi nani ni mlevi mtarajiwa. Mwaliko wenyewe unazungumzia kujifahamu na kufikia malengo. Kama unyanyapaa ndio unaotusumbua kweli, basi tuulinganishe na tunachokifanya sasa, ambacho ni kumtaja mtoto kwa jina mstarini, kumpa barua, na kumpitisha getini na sanduku lake la bati mbele ya wenzake mia nane.

Pingamizi la pili linasema haya ni mambo ya Wazungu. London si Lindi, na dodoso la Kiingereza haliwezi kumpima mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili, Kisukuma au Kikamba. Nakubali nusu ya hoja hii. Programu haisafiri kama mzigo wa mitumba unaofunguliwa na kuvaliwa siku hiyohiyo. Hata Uholanzi, ambayo iko jirani kabisa na Uingereza, ilipoijaribu Preventure katika shule zake haikupata punguzo la jumla lililotarajiwa la kunywa kwa mkupuo, na Brazili imeshatuonyesha kinachoweza kutokea. Kwa hiyo nisingependa kuona waraka wa wizara ukiamuru vikao hivi katika kila shule kuanzia Januari. Nusu nyingine ya hoja naikataa, yaani dhana kwamba mbinu ya kumfundisha mtu kuyachunguza mawazo na matendo yake haiwezi kufanya kazi kwetu. Eldoret imeshalijibu hilo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu 614 waliokuwa wakihudhuria kliniki za VVU na kunywa kupita kiasi waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa vikao vya kikundi vya aina hii, kwa Kiswahili, vikiongozwa na washauri wasio wataalamu wa saikolojia. Nusu nyingine walipewa elimu ya afya na maisha bora, yaani jamaa wa karibu wa hotuba yetu ya mstarini. Waliofundishwa mbinu walipunguza kunywa kuliko waliopewa elimu. Hao walikuwa watu wazima, ni kweli. Lakini jaribio jingine la Kenya, la mradi wa Shamiri, lililochapishwa pia mwaka 2021, lilihusu vijana 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi. Vikao vinne vya saa moja, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzi tu, vilipunguza dalili hizo kuliko vikao vya mbinu za kusoma. Jaribio hilo halikulenga pombe, nami sidai kwamba linathibitisha lolote kuihusu. Linathibitisha kwamba huzuni na wasiwasi, milango miwili kati ya ile minne, vinaweza kuguswa ndani ya shule ya Kenya kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo.

Walimu watasema hawana muda, na katika darasa lenye wanafunzi themanini ni vigumu kubishana nao. Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule nyingi ni mwalimu wa Jiografia au Kiswahili aliyeongezewa cheo bila mafunzo wala kupunguziwa vipindi. Hata hivyo, kinachoombwa hapa ni saa tatu kwa mwanafunzi, tena kwa baadhi ya wanafunzi, mara moja katika miaka yao yote ya sekondari. Piga hesabu ya saa ambazo shule inapoteza kwa vikao vya nidhamu, kuwasubiri wazazi na kuandika taarifa kwa bodi, halafu tuzungumze habari za muda. Na tofauti na mgeni wa mstarini anayeondoka na nauli yake, mwalimu aliyepata mafunzo anabaki na ujuzi wake shuleni.

Kisha kuna kundi ambalo nalisikiliza kwa heshima zaidi kuliko mengine, la wale wanaosema shule si mahali pa kuanzia. Tatizo, wanasema, ni pombe yenyewe: ni rahisi, ipo kila mahali, na sheria zinalala. Wana ushahidi mzuri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kuuza pombe ndani ya mita 300 kutoka shuleni, lakini yeyote anayetembea mitaa ya Nairobi anaweza kujipimia mwenyewe kwa hatua. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, Uganda ikafuata mwaka 2019, na hatua hizo zilikuwa sahihi, kwani pakiti ndogo ya bei ya chenji ilikuwa imetengenezwa kana kwamba mteja wake ni mtoto. Bei na upatikanaji ndivyo vinavyosukuma unywaji wa taifa zima, sina ubishi. Lakini hoja hiyo haiiondolei shule kazi yake, kwa sababu mtoto aliye hatarini ndiye wa mwisho kuguswa na leseni. Mbege ya Kilimanjaro inapikwa kwenye ua wa nyumba yenye watoto, gongo na chang'aa havina kibali cha kufutwa, na huko Kirinyaga watu wasiopungua 17 walikufa Februari 2024 kwa pombe ambayo ilidaiwa kutoka kwenye vielelezo vilivyokamatwa na polisi. Wapenzi wa hoja hii hupenda kuitaja Iceland, ambako vijana wa miaka 15 na 16 waliolewa katika siku 30 zilizopita walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi asilimia 5 mwaka 2016. Iceland ilibana sheria kweli, umri wa kununua pombe huko ni miaka 20. Lakini iliwapa pia vijana michezo, muziki na sanaa baada ya masomo kwa ruzuku ya serikali za miji, ikawaunganisha wazazi wa kila shule, na ikawahoji wanafunzi kwa dodoso mara kwa mara ili kila shule ijue hali yake yenyewe. Kuwahubiria watoto madhara ya pombe ndicho kitu walichoamua kukiacha.

Wazazi na viongozi wa dini hawatapenda kusikia kwamba maonyo yao hayatoshi, ingawa katika jambo moja wako sahihi kuliko walimu. Uholanzi hiyohiyo ilifanya jaribio jingine katika shule 19: wanafunzi peke yao walipewa masomo ya pombe, wazazi peke yao walihimizwa kuweka masharti makali, na kundi la tatu likapata vyote viwili. Masomo peke yake hayakufua dafu, wala wazazi peke yao. Vilipoungana, unywaji wa kila wiki ulipungua, hasa kwa watoto wenye uwezo mdogo wa kujizuia. Kwa hiyo mzazi anayesema “nyumbani kwangu hapana” anasaidia, mradi mtoto awe amefundishwa mahali fulani namna ya kuitii hiyo hapana akiwa na hasira, au akiwa peke yake. Msikiti na kanisa vinawalinda vijana wengi, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka sauti hizo zinyamaze. Lakini kijana ambaye tayari anakunywa kwa siri, akiambiwa kila Ijumaa au Jumapili kwamba amelaaniwa, anajifunza kuficha vizuri zaidi.

Inabaki barua ya kusimamishwa masomo, na hapo ndipo kosa letu linapokuwa kubwa kuliko kupoteza muda. Utafiti wa mwaka 1992 nchini Marekani uliwahoji watu wazima zaidi ya elfu ishirini. Katika walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya asilimia 40 walikuwa wamewahi kuwa watumwa wa pombe, wakati kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ni takriban asilimia 10. Huenda sehemu ya tofauti hiyo inatokana na hulka ileile iliyowafanya waanze mapema, wala si pombe peke yake, na hilo linaipa nguvu hoja yangu: mtoto wa miaka 14 aliyekamatwa na chupa ametupatia taarifa muhimu kuliko dodoso lolote. Tunaitumiaje? Tunampeleka nyumbani kwa wiki mbili au zaidi, mchana kutwa bila mtu mzima, karibu na palepale aliponunua chupa. Utafiti wa Add Health, uliochapishwa mwaka 1997 kutokana na mahojiano ya vijana zaidi ya elfu kumi na mbili, ulionyesha kwamba kijana anayejisikia ni wa shule yake, anayeamini walimu wanamtendea haki, hunywa kidogo zaidi. Na watafiti waliolinganisha shule za Victoria, Australia, na jimbo la Washington, Marekani, walikuta kwamba wanafunzi wa shule zenye sera ya kusimamisha wavuta bangi walikuwa na uwezekano mara 1.6 zaidi wa kuvuta mwaka uliofuata, wakiwemo wale ambao hawakusimamishwa. Bangi si pombe, lakini adhabu ni ileile.

Hapa ndipo mkuu wa shule atauliza, kwa haki kabisa, afanye nini Jumatatu asubuhi na chupa iko mezani. Chupa imwagwe. Mzazi aitwe huku mtoto akiwa darasani. Adhabu itolewe ndani ya shule na iwe na mwisho unaojulikana, na wiki hiyohiyo mtoto aketi na mwalimu aliyefundishwa kumwuliza kilichotokea kabla ya chupa. Vikao vya hulka vianze kwa shule ishirini au thelathini zilizogawanywa kwa kura, vipimwe kwa miaka miwili, kwa Kiswahili, na taasisi zetu wenyewe, na matokeo yachapishwe hata yakitia aibu. Barua ya kusimamishwa haihitaji kusubiri majaribio hayo, inaweza kuachwa muhula huu. Anayewauzia wenzake pombe bwenini ni suala jingine, na sheria ya kumshughulikia ipo tayari.